Chini ya Tabaka la Nguruwe

Mpaka leo nikimwona mtu anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, nageuza njia, maana moyo wangu haujakubali bado kwamba watu wanaweza kucheka jambo lingine tofauti na lile langu. Mnaniuliza kila mara kwa nini naondoka mkianza habari za meno (hata meno ya utoto ya binti wa jirani yaliyong'oka juzi), basi leo kaeni niwaambie, na kucheka chekeni mara moja mmalize, kwa sababu aibu hii nimeamua kuitoa hadharani kwa mkono wangu mwenyewe kabla hamjaisikia Kendu Bay, ambako wanaisimulia vizuri kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne, na kazi niliyoipata ilikuwa kazi ambayo mama yangu hakuweza kumweleza jirani akaelewa. Nyuma ya Mlima Homa, kule ambako mvua imeichana ardhi ikaacha makorongo, alikuwa amepiga kambi mtaalamu kutoka Nairobi, Daktari Mwende, mama wa Kikamba mwenye kofia ya ukindu na miwani aliyoifunga kwa kamba ya kiatu. Alikuwa anatafuta visukuku, yaani mifupa na meno ya wanyama wa kale yaliyokaa ardhini mpaka yakageuka mawe. Vijana wenzangu walichimba kwa miiko midogo ya fundi na burashi za rangi, wamelala kifudifudi kutwa nzima kama watu wanaosikiliza ardhi inapumua. Mimi sikuchimba. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo nilipewa daftari kubwa lenye jalada jeusi nikaitwa Karani, na jina langu la kweli likasahaulika siku ile ile (wala sikusikitika, hilo la Karani lilinikaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo changu).

Kazi ya karani ilikuwa hivi. Kitu kikipatikana naitwa, naandika ni nini, kimetoka tabaka gani la ardhi, na nani aliyekipata, kisha naandika lebo ndogo yenye maneno hayo hayo, inafungwa pamoja na kitu chenyewe. Daktari alituambia tangu siku ya kwanza, tena aliniagiza niiandike sentensi hiyo ukurasa wa mbele: kisukuku kisichojulikana kilitoka tabaka gani ni jiwe tu la kuchezea. Alitusimamisha mbele ya ukuta wa korongo, akatuonyesha mistari yake, udongo mwekundu juu, chini yake majivu meupe ya volkano, chini yake udongo wa kijivu, chini yake tena kahawia, imelaliana kama mablanketi dukani. La chini ndilo lililotangulia kulala. Na ukitaka kujua lililala lini, alisema, muulize nguruwe.

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Nguruwe wa kale, alisema, kadiri miaka ilivyopita waliacha kula vitu laini vya msituni wakaanza kutafuna nyasi, na nyasi ni ngumu, zinalisaga jino, kwa hiyo kizazi kwa kizazi gego lao la mwisho lilizidi kurefuka. Ukilipata gego hilo ukalipima, ukalilinganisha na mengine ambayo umri wake umeshajulikana kwingineko, unajua tabaka ulilolikanyaga ni la wakati gani. Tena unajua zaidi ya hapo. Akageuka akalipa ziwa mgongo, akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Hapa palikuwa na kijito kinachoteremka kutoka kule. Upande huu miti, upande ule nyasi mpaka jicho linachoka. Na hili ziwa mnalojivunia halikuwa na sura hii mnayoijua." Nikaapa moyoni kwamba nitafanya kazi hii mpaka nizeeke. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilipofumba macho nilizisikia zile nyasi.

Basi kulikuwa na jambo moja lililokuwa linangojewa na kila mtu. Msimu ukiisha, Daktari angemchukua mtu mmoja kwenda Nairobi kufundishwa kazi ya makumbusho, kusafisha visukuku na kuvitambua. Mtu mmoja tu. Nani tena, kama si Karani? Mama alishaanza kuniita "mwanangu wa Nairobi" mbele ya wenzake kanisani siku ya Sabato, na mimi sikumkataza.

Halafu akaja Akeyo.

Akeyo alitoka Sori, kule Nyatike, Migori, akaja kambini kutupikia. Tulimwita Nyar Sori, binti wa Sori, kama desturi yetu ilivyo ya kumwita mwanamke kwa alikotoka. Aliacha shule darasa la tatu, akakua akichambua omena ufukweni, kazi ya kukaa mbele ya chungu ya samaki wadogo kama kucha, anatoa kijiwe hapa, koa pale, mpaka jua linazama. Wiki ya pili alikuwa anapita na sufuria ya uji karibu na lundo la udongo tulilokwisha kulichekecha na kulitupa, akasimama, akaweka sufuria chini, akainama, akaokota kitu. Akamletea Daktari kwenye kiganja.

"Hii nayo ni uchafu, Daktari, ama ni kitu?"

Lilikuwa jino la panya wa kale, dogo kama punje ya mtama. Daktari aliliangalia, akalitazama lile lundo, akatutazama sisi wanaume wote tuliolichekecha. Siku hiyo hiyo ugali alipika mtu mwingine.

Tangu hapo ikawa Akeyo, Akeyo, Akeyo. Taya la swala, Akeyo. Mfupa wa kisigino cha kiboko, Akeyo. Na sasa eleweni mateso yangu, maana wivu wa watu wengine unawaruhusu wageuze uso, lakini wangu ulikuwa na kazi rasmi: kila alichokipata niliitwa mimi, nilipiga magoti mimi, na kwa mwandiko wangu ule mzuri uliosifiwa na walimu, niliandika, Aliyekipata: Akeyo. Kwenye daftari mara moja, kwenye lebo mara ya pili. Kalamu ilikuwa nzito kama mchi. Daktari alikuwa akinywa chai naye wamekaa juu ya jiwe moja, na mimi niliyejua Kiingereza, niliyejua kutamka majina marefu ya nguruwe, nakaa peke yangu nachonga penseli ambazo zimeshachongwa.

Kibaya zaidi, alikuwa mwema. Ingawa hakuwa mpishi tena, aliniletea uji wangu kabla ya wengine. Siku moja akaniambia, "Karani, nifundishe kuandika hiyo jina yangu vizuri, wewe unaiandika inapendeza." Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Mwishowe akaacha kuuliza.

Kisha akalipata gego la nguruwe. Lilikuwa limejificha ukutani, katikati ya tabaka la kijivu, refu, limekunjamana juu kama kifundo cha tangawizi, na Daktari alilipima, akalipima tena. Gego hilo ndilo lililokuwa linakosekana msimu mzima, ndilo lingelipa korongo letu umri wake. Jioni hiyo kwenye michoro yake Daktari aliacha kuandika "tabaka la kijivu", akaandika "tabaka la nguruwe", na chini yake, kwa penseli, "la Akeyo". Sikula.

Siku tatu baadaye gari la Daktari likaharibika, akalipeleka Homa Bay mjini kwa fundi, akaniachia kambi. Mwishoni mwa juma hilo kulipangwa sherehe ya kuwaonyesha wenye mashamba tulichokipata kwenye ardhi yao, na DO, mkuu wa tarafa yetu, alikuwa amekubali kuja. Mvua ilinyesha. Asubuhi nilipanda juu ya korongo, ukingoni, kuangalia kama maji yameharibu kitu, na pale kwenye mizizi ya mti wa ober, udongo mwekundu umebomoka, nikaona kigae cha chungu kimefunika kitu. Nikakipiga teke. Chini yake kulikuwa na meno. Meno sita ya binadamu, ya mbele, ya chini, yamepakwa kahawia na udongo wa kule, ambao huzeesha chochote unachokigusa.

Nataka mnielewe hapa, sikuwa na nia mbaya kwa dakika ya kwanza. Dakika ya kwanza nilifurahi tu. Ya pili ndiyo iliyoniharibia maisha, kwa sababu nilikumbuka kwamba udongo wa juu ni wa jana tu, hauna thamani, na meno ya jana hayampeleki mtu Nairobi. Nikatazama chini ukutani, kwenye tabaka la Akeyo. Nikawaza, hivi yangekuwa yametoka chini ya pale, chini kidogo tu, huyu mtu wangu angekuwa mkubwa kwa umri kuliko nguruwe wake. Nikateremka. Nikachimba kishimo kwa msumari mita moja chini ya pale lile gego lilipotoka, nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kama tulivyofanya kila tunapopata kitu, nikayaosha meno (nikayaosha, yaani udongo wake wote, ushahidi wake wote, nikaumwaga), nikayalaza kwenye pamba ndani ya kiberiti. Kisha nikafungua daftari na kuandika: Meno sita ya binadamu, chini ya tabaka la nguruwe. Aliyeyapata. Na hapo nikaandika jina langu kamili, herufi zimejaza mstari hadi ukingoni.

Nilipanga kumwonyesha Daktari faraghani, polepole, labda hata nibadili mawazo njiani. Lakini mchana chifu akapita kukagua mahali pa kufunga turubai, akaniambia kwa utani, "Karani, watu wanasema huyu nyar Sori ndiye anawapatia vitu vyote. Wewe huna chako?"

Jamani. Angeniuliza swali lingine lolote.

"Niko nacho, Chifu," nikasema. "Kikubwa. Mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kwanza. Kabla yake hapa hakukuwa na mtu."

Chifu alivua kofia. Jioni habari zilikuwa zimefika sokoni Kendu Bay, kesho yake akina mama wa kwaya walikuwa wametunga wimbo unaotaja babu yangu, baba yake na baba yake tena, na mama yangu alitumiwa ujumbe aje amevaa vizuri. Nifanye nini? Nilikuwa nimesukuma kijiwe kimoja mlimani, sasa mlima wote ulikuwa unateremka nao.

Siku ilifika. Turubai limefungwa, viti vimeazimwa shule ya msingi, DO amekaa kwenye kochi la chifu, wazee wa kijiji wamejipanga safu ya mbele na fimbo zao, mama yangu safu ya pili na kitambaa cha kichwa cha bluu. Gari la Daktari lilifika wakati kwaya inaimba ubeti wa babu. Aliteremka na vumbi hadi kwenye nyusi, akaja moja kwa moja kwangu, "Karani, kuna nini? Barabarani naambiwa tumepata mtu?" Nikamwambia, "Utaona, Daktari," kwa sauti ambayo nikiikumbuka natamani kuizika.

Akeyo alitangulia. Alilishika gego la nguruwe kwa mikono miwili, akasema kwa Dholuo maneno machache tu, akaona haya, akakaa. Watu wakapiga makofi ya heshima. Kisha chifu akaniita mimi, na watu wakasimama.

Nilizungumza vizuri, hilo hata maadui zangu wanakubali. Niliwaonyesha matabaka kwa fimbo, niliwaeleza nyasi na kijito, nikasema, "Nguruwe wa Akeyo ni wa kale sana. Lakini kabla ya nguruwe wa Akeyo alikuwapo mtu, na mtu huyo nimemshika mimi." Nikafungua kiberiti. DO akajisogeza mbele. Nikayanyanyua juu, moja moja.

Kwenye safu ya mbele alikuwa amekaa Dani Pilista, bibi mwenye shamba lililoko juu ya korongo. Dani kwetu ni bibi, na yeye alikuwa dani wa kila mtu. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mkongojo.

"Nyakwara," aliniita, mjukuu wangu, "hayo meno ni mangapi?"

"Sita, dani."

"Ya juu ama ya chini?"

"Ya chini. Ya mbele."

Nikasikia mzee mmoja anakohoa. Mwingine akafunika mdomo kwa kiganja. Mimi nikadhani wameguswa. (Ndugu zangu, pale mbele yangu palikuwa na safu nzima ya wazee, na kila mmoja alikuwa na pengo la meno sita chini, mbele, kwa sababu zamani kijana wa Kijaluo, mvulana kwa msichana, ilibidi ang'olewe meno hayo ndipo ahesabiwe mtu mzima. Tuliita nak. Bibi yangu mzaa mama alinilea na pengo hilo likinipulizia uji upoe. Nilijua kulitazama gego la nguruwe aliyekufa kabla ya ziwa, na sikujua kutazama midomo iliyoniimbia.)

"Kuna moja imevunjika kona?" Dani akauliza. Hakuwa amesogea alipokaa, na kutoka pale asingeweza kuona.

Nikayaangalia. Lilikuwapo.

"Ndiyo, dani. Pengine lilivunjwa na mnyama, au..."

"Na jiwe la kusagia la mama yangu. Nilianguka nikiwa nakimbia kiboko. Sio kiboko ya ziwa, kiboko ya mama. Leta hapa."

Sikupeleka. Alikuja mwenyewe, tik, tik, na mkongojo, akachukua meno kwenye pamba, akayapanga moja moja kidoleni kama mtu anayepanga shanga, akayashikilia mbele ya ufizi wake. Kisha akawageukia watu, akatabasamu. Tabasamu zima, la msichana, kwenye uso wa bibi.

"DO," akasema kwa sauti iliyobanwa na kidole, "mtu wa kwanza anakusalimu."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza kwa wazee, wale waliokuwa wakikizuia kwa viganja, kikapita kwa walimu, kikampata chifu, DO akavua miwani akapangusa macho, mwanakwaya mmoja akalala juu ya mwenzake. Hata Daktari alifunika mdomo. Mama yangu peke yake hakucheka. Alikuwa akikiangalia kitambaa chake cha kichwa, ambacho sasa kilikuwa magotini, akikikunja kidogo kidogo.

Na kama mambo yangeishia pale, ningekuwa mtu aliyechekesha kijiji, na watu wanasamehe mtu aliyewachekesha. Lakini Dani alikuwa ameanza kuangalia huku na huku.

"Na kigae? Mimi niliyafunika na kigae ya chungu, ndiyo mbuzi isikanyage. Niliyaficha kule juu, kwa mizizi ya ober." Akanyanyua mkongojo, akaonyesha ukingo wa korongo, kisha akaushusha taratibu hadi kwenye kijiti changu chenye kitambaa chekundu. "Sasa huku chini yamefikaje, nyakwara? Nani aliyashusha?"

Kicheko kilikatika kipande kipande, mpaka mtu wa mwisho akajisikia anacheka peke yake akanyamaza.

Daktari alichukua daftari mezani. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akasoma, akaenda ukutani, akakiangalia kile kishimo, akapitisha kidole ndani. Alama za msumari bado zilikuwa mbichi.

"Karani. Ulipata wapi meno haya?"

"Juu, Daktari."

"Juu wapi?"

"Kwenye ober."

Aliinamisha kichwa. Aliuliza pole pole, na afadhali angepiga kelele. "Gego la nguruwe aliliandika nani?"

"Mimi."

"Kiboko? Swala?"

"Mimi, Daktari."

"Vyote ni mwandiko wako. Nikisema korongo hili lina umri fulani kwa sababu ya gego hilo, watu wataniuliza, nani anajua kwamba lilitoka tabaka hilo? Nitawaambia nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilitaka kumpita Akeyo mita moja, na nimebomoa msimu mzima. Nguruwe wake, kijito, nyasi, vyote vilikuwa vimesimama juu ya neno langu, na neno langu sasa lilikuwa limeoza mbele ya DO.

"Daktari," Akeyo akasema. Alikuwa amesimama, anafuta mikono kwenye leso ingawa mikono haikuwa na kitu. "Mimi niliacha kipande."

"Kipande gani?"

"Ile jino ilikatika mzizi moja nikiitoa. Sikutoa hiyo mzizi. Kitu ikitoka yote, nitakumbuka aje mahali pake? Mimi siandiki."

Tulikwenda wote, DO, chifu, wazee, kwaya. Akeyo alipiga magoti kwenye tabaka la kijivu, akapuliza, akapitisha burashi, akapuliza tena, na ndani ya ukuta ikaonekana ncha ya kahawia kama ukucha wa kidole kidogo. Akachukua gego, akaligeuza, akalisogeza. Likakaa. Hakukuwa hata na nafasi ya kupitisha unywele. Watu hawakupiga makofi, walitoa ile sauti ya chini ambayo watu hutoa mtoto akizaliwa salama, na mimi, Mungu anisamehe, hata wakati ule, hata baada ya yeye kuiokoa kazi niliyoibomoa, niliona wivu. Niliuonea wivu ule mzizi ulioachwa ardhini kwa uaminifu.

Wageni walipoondoka Daktari aliniita hemani. Nilingojea matusi. Yeye akalifungua daftari mwanzo kabisa, akaanza kugeuza kurasa, akiweka kidole kila mahali palipoandikwa Akeyo.

"Hapa ni mwezi wa kwanza. Angalia herufi. Hapa wa pili. Hapa ni taya la swala. Hapa kiboko. Na hapa nguruwe, inabidi nivae miwani."

Sikuwa najua. Nawaambia ukweli, sikuwa najua. Jina lake lilikuwa linapungua. Ukurasa kwa ukurasa lilikuwa limesinyaa mpaka likawa safu ya sisimizi, na chini yake kabisa, jina langu limekaa kama maandishi kwenye mabati ya duka.

"Hata bila tarehe," Daktari akasema, "ningeweza kuzipanga kurasa hizi kwa mfuatano." Akafunga daftari. Hakunirudishia.

Kabla sijafunga mizigo Dani Pilista alikuja kunidai haki yake, meno yarudi yalikotoka. Tulipanda wote wawili hadi kwenye ober. Akanielekeza nitafute kigae nilichokipiga teke, nikakipata kwenye majani, akanisimamia mpaka shimo likamridhisha. Halafu akasema, "Andika karatasi kama zile zenu." Nikaandika lebo: Meno sita, ya Pilista, yalizikwa juu. Hajui kusoma, kwa hiyo alinilazimisha niisome kwa sauti mara tatu, akaikunja, akaiweka pamoja na meno chini ya kigae. Kati ya lebo zote nilizoandika kule hiyo ndiyo ninayoweza kuiapia.

Akeyo alikwenda Nairobi. Mama aliacha kuniita mwanangu wa Nairobi, akarudi kuniita jina alilonipa, na hakuulizia tena.

Mwaka ulipoisha nikapata barua ya Akeyo, mihuri ya Nairobi, karatasi ya mistari. Ilikuwa fupi. Alisema baridi ni nyingi, kwamba amefundishwa kuunganisha fuvu la kiboko, kwamba nguruwe wetu yuko kwenye kabati lenye kioo na lebo yangu bado imefungwa naye, Daktari hakukubali ibadilishwe. Akasema, "Karani hukunifundisha lakini nilijifundisha mwenyewe, nilikuwa naangalia lebo zako naiga." Na kweli, nilipotazama vizuri, ulikuwa mwandiko wangu. Kichwa changu cha *g*, mkia wangu wa *y*. Barua nzima iliandikwa kwa herufi nzuri, pana, zilizotulia, mpaka mwisho, pale anapoweka jina, na hapo nililazimika kuipeleka barua dirishani.

Alikuwa ameliandika dogo, dogo sana, limebanwa pembeni kama sisimizi, maana alidhani hivyo ndivyo linavyoandikwa.

Nilimjibu siku hiyo hiyo. Juu ya bahasha niliandika jina lake kwa herufi zilizoijaza mbele yote, hata mahali pa stempu pakabaki padogo na karani wa posta akanigombeza. Na tangu hapo nimejiwekea sharti ambalo mtanicheka nalo pia: nikiandika jina la mtu, iwe kwenye kadi ya harusi au orodha ya mchango wa matanga, naliandika kubwa kuliko langu, kisha nalirudia kulitazama, kuangalia kama halijaanza kupungua.